Ardhi, Ukoo na Rika katika Nyika za Kajiado

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Namanga huvuka mto Athi, akapita viwanda vya simiti, na punde hujiona yumo katika mji wa Kitengela. Huona nyumba za ghorofa zilizosongamana, maduka, makanisa, misikiti, vibanda vya mitumba, na juu ya kuta vibao vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti hii haiuzwi. Hata kabla ya kuvimaliza vibao hivyo, huona kundi la ng'ombe likivuka barabara kuu, na nyuma yake kijana mwenye shuka na fimbo, magari yote yakimngoja. Akiendelea kusini hufika Isinya, kisha Kajiado, mji ambao jina lake latokana na maneno ya Kimaasai, Ol Keju Ado, yaani mto mrefu. Safari yote ni kama kilomita themanini. Walakini katika mwendo huo mfupi msafiri amepita mbele ya karibu kila jambo ambalo elimu ya jamii hulichungua.

Elimu hiyo, ambayo pia huitwa sosholojia, haifundishwi peke yake katika shule zetu za sekondari. Mwanafunzi hukutana na vipande vyake katika historia, jiografia na dini. Mwalimu huonjeshwa katika chuo cha ualimu. Na wanaokwenda chuo kikuu ndio wanaoisoma kwa ukamilifu. Kila afunguaye kitabu chake cha kwanza hukuta sura zilezile: jamaa na ukoo, umri na madaraka, mali na matabaka, imani, malezi na shule, na mwishoni mabadiliko. Sura hizo zimepangwa kama vyumba vya nyumba moja, kila kimoja na mlango wake, na msomaji kijana aweza kudhani kwamba kila chumba chajitegemea. Historia ya Kajiado yatufundisha kwamba sivyo. Katika nyika hizi sura ya mali ndiyo nguzo ya kati, nayo ilipobadilishwa vyumba vyote vilibadilika pamoja nayo, pamwe na vile ambavyo hakuna aliyekusudia kuvigusa.

Elimu hii si changa kama jina lake linavyodhaniwa kuwa. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis, alitunga utangulizi wa historia yake mashuhuri, ambamo alichungua jinsi wafugaji wa nyikani na wakazi wa mijini wanavyotegemeana na kushindana. Ule mshikamano unaowafanya watu wa nasaba moja wasimame pamoja aliuita asabiya, akaeleza jinsi unavyolegea watu wakisha kuzoea starehe za mjini. Zaidi ya miaka mia nne baadaye, katika miaka ya 1830, Mfaransa Auguste Comte aliipa elimu hii jina lake la Kizungu. Mwaka 1893 Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, alitoa kitabu juu ya mgawanyo wa kazi, akiuliza ni kitu gani kinachowafunga pamoja watu wasiolingana kwa kazi wala kwa asili. Kama mabwana hao wawili, Ibn Khaldun na Durkheim, wangaliketi kutwa katika kituo cha matatu cha Kitengela, nadhani wasingalikosa la kuzungumza.

Wataalamu walipofika Umaasaini walivutwa na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni marika. A. C. Hollis, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai mwaka 1905. Baadaye walikuja wengi. Paul Spencer, ambaye kitabu chake juu ya Wasamburu kilitoka mwaka 1965, aliishi miongoni mwa Wamatapato wa Kajiado katika miaka ya 1970, akatoa kitabu juu yao mwaka 1988. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na mwanafunzi atakayeisoma atajifunza mengi juu ya namna wazee na vijana wanavyogawana heshima. Lakini kwa jumla maandishi ya wageni, hasa ya wasafiri na wapiga picha waliofuata nyayo za wataalamu, yalimkazia macho morani na mkuki wake hata yakasahau kuuliza swali la kawaida kabisa: nyasi wanazokula ng'ombe wa morani huyu ni za nani? Jomo Kenyatta, aliyesoma London kwa Bronislaw Malinowski, hakulisahau. Alipoandika juu ya Wagikuyu mwaka 1938 aliiweka sura ya ardhi karibu na mwanzo wa kitabu chake, mara baada ya sura ya asili na ukoo.

Basi na tuulize swali hilo hapa. Wamaasai wamegawanyika katika makundi makubwa, na kila moja huitwa olosho. Nyika za Kitengela zilikuwa za Ilkaputiei; kusini yao wakakaa Ilmatapato, magharibi Ilkeekonyokie na Iloodokilani, na chini ya Kilimanjaro Ilkisongo. Ndani ya olosho lake mfugaji aliweza kulisha popote, kwa kufuata utaratibu wa wazee. Mvua zikinyesha walihamia nyanda za wazi. Kiangazi kikikaza walirudi penye visima na malisho yaliyowekwa akiba. Mvua za nchi hii hazinyeshi mahali pamoja wala kila mwaka, na mtu aliyefungiwa katika kipande kimoja cha ardhi, hata kiwe kikubwa, alikuwa ameandikiwa njaa. Kwa hiyo ng'ombe walikuwa na mwenyewe, lakini nyasi zilikuwa za olosho zima. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuziuza, kwa maana hapakuwa na mtu aliyeweza kusema ni zake.

Juu ya msingi huo ndipo yaliposimama mengine. Mzee alikuwa na madaraka kwa sababu yeye na wenzake ndio waliofungua na kufunga malisho. Morani alikuwa na kazi kwa sababu mifugo ilihitaji kulindwa na kupelekwa mbali. Rika lilikuwa na msemaji wake, olaiguenani, ambaye hakuwa chifu wala mfalme, bali mtu wa kusikilizwa. Mke alipewa ng'ombe wa kukama, na wanawe wakarithi kwa njia ya nyumba ya mama yao. Na urafiki nao ulikuwa na mahali pake: mtu akimpa mwenzake mtamba, wawili hao huacha kuitana kwa majina yao, wakaitana Paashe tangu siku hiyo, wakipeana ng'ombe huitana Pakiteng. Mali iliyotolewa ilizaa udugu, na katika mwaka wa ukame udugu huo ulikuwa ndiyo akiba ya mtu.

Nisieleweke kuwa nasifu zamani kwa upofu. Katika karne ya kumi na tisa makundi ya Wamaasai yalipigana wenyewe kwa wenyewe vita vikali, na katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe, ndui ikawaua watu, na njaa ikafuata. Wala mwanamke hakuwa na neno la mwisho juu ya mnyama aliyemkama kila asubuhi. Nasema tu kwamba utaratibu ulikuwapo, na kwamba ulisimama juu ya ardhi isiyouzwa.

Pigo la kwanza lilitoka kwa serikali ya kikoloni. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, penye Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate nafasi. Wakagawanywa sehemu mbili, wengine Laikipia na wengine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba nchi hizo zitakuwa zao maadamu wapo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Mwezi wa Aprili mwaka 1911, muda mfupi baada ya kifo cha Olonana, mapatano mengine yalitiwa sahihi ya kuwahamisha na watu wa Laikipia. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walipinga, wakaajiri mawakili, wakaishtaki serikali. Kesi hiyo, ambayo mlalamikaji wake wa kwanza alikuwa Ole Njogo, ilitupwa mwaka 1913. Mahakama ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola mbili, na kwa hiyo mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuyahukumu. Mwanafunzi na aifikirie hoja hiyo kwa makini: watu waliohesabiwa kuwa raia wa kutawaliwa kila siku ya mwaka, walifanywa kuwa dola ya kigeni siku moja tu, siku walipokwenda kudai haki yao.

Hata hivyo, pigo hilo lilipunguza ardhi bila kubadili maana yake. Waliosukumwa kusini walikuta nchi kavu zaidi na iliyosongamana, lakini ndani ya mipaka mipya nyasi ziliendelea kuwa za wote. Badiliko lenyewe lilikuja baadaye, tena lilikuja na nia njema, karatasi na wapimaji.

Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wachache, aghalabu wenye elimu au vyeo, walianza kujitengea mashamba yao binafsi ndani ya Kajiado. Ukame wa mwaka 1960 na 1961 uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa wilaya, na wengi wakaona kwamba lazima jambo lifanywe. Wazee waliogopa pia kwamba ardhi isiyo na hati ingechukuliwa na watu wa nje. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya wawakilishi wa vikundi, na ranchi za vikundi zikaanzishwa. Olosho lilikatwa vipande. Kila kipande kikapewa hati moja, wanachama walioandikishwa, na halmashauri ya wawakilishi wasiozidi kumi. Kwa fedha za mkopo, ambazo Benki ya Dunia ilichangia, yakajengwa majosho ya kuoshea ng'ombe, na visima vikachimbwa.

Ningependa tusimame kidogo penye neno moja la sheria hiyo, nalo ni mwanachama. Nani aandikwe? Zamani swali hilo halikuwa na maana, kwa kuwa kila aliyezaliwa katika olosho alikuwa na haki ya kulisha. Sasa karani alikaa mezani na daftari, naye alihitaji majina. Wakaandikwa wanaume wenye miji. Wake hawakuandikwa, walihesabiwa kuwa wamo ndani ya jina la mume. Vijana wengi hawakuandikwa, wakaambiwa wangoje. Naam, kwa siku chache za kuandika majina, haki iliyokuwa ya watu wa kila umri na jinsia ilikusanywa mikononi mwa kundi moja. Hakuna askari aliyepiga risasi, wala hakuna aliyehamishwa. Ndiyo maana historia zetu za shule zauzungumzia mwaka 1911 na kuupita kimya mwaka 1968, ingawa kwa mtu achunguzaye jamii mwaka wa pili ndio mzito zaidi.

Ranchi hizo hazikukaa sana. Wenye ng'ombe wengi walikula nyasi nyingi kuliko wenzao, mikopo haikulipwa, na halmashauri nyingine zikanung'unikiwa. Vijana waliofikia utu uzima walidai kuandikwa, na wazee wakaona kwamba kila jina jipya lapunguza fungu la wale wa zamani. Katika miaka ya 1980 kilio cha kugawana kilisikika kila mahali, na serikali yenyewe ikakubali. Ranchi ya Kitengela, yenye kama hektari 18,000, iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama wake, waliozidi kidogo mia mbili. Kila mmoja alipata hati yake. Kwa mara ya kwanza tangu dunia ilipoumbwa, mtu wa Kitengela aliweza kusema juu ya kipande cha nyika: hiki ni changu, na akisha kusema hivyo, aliweza pia kusema: nakiuza.

Wanunuzi hawakuwa mbali. Nairobi ilikuwa imefura, watu wakitafuta mahali pa kujenga kwa bei nafuu. Sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje ilipitishwa mwaka 1990, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River, karibu kabisa na Kitengela. Wafanyakazi wake walihitaji vyumba vya kupanga. Madalali wakapanda na kushuka. Mzee aliyekuwa na hati na deni la hospitali, au karo ya watoto, au pengine tamaa ya gari tu, aliuza ekari kumi, kisha nyingine kumi. Mwaka 1992 mtaalamu Marcel Rutten alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo haya ya Kajiado, akakipa jina lenye maana ya kuuza utajiri ili kununua umaskini. Mimi naliona jina hilo kuwa kali kidogo, kwa kuwa wako waliouza kwa busara wakasomesha watoto wao. Lakini siwezi kusema kwamba ni la uongo.

Hesabu za watu zaeleza yaliyofuata. Mwaka 1989 wilaya yote ya Kajiado ilikuwa na watu 258,659. Mwaka 2019 kaunti hiyo ilikuwa na 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulipata watu zaidi ya 58,000 katika sensa ya 2009, na zaidi ya 154,000 katika sensa ya 2019. Seng'enge na kuta zikafuata nyumba. Hata wanyamapori walijua kwamba mali imebadilika: Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, haikuwekewa ua upande wa kusini, na nyumbu walizoea kutoka humo wakati wa mvua kwenda nyanda za Kitengela. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamesalia elfu chache.

Sasa turudi katika vile vyumba vingine vya nyumba yetu. Mzee asiye na malisho ya kufungua wala kufunga, amebakiwa na madaraka gani? Ana hati, basi. Akiiuza, heshima yake yabaki ya mdomoni. Mwana aliyezoea kungoja rika lake lipande daraja sasa angoja baba atie sahihi, au aomba asitie. Na mke je? Mwaka 1988 Aud Talle, mtaalamu kutoka Norway, aliandika juu ya wanawake wa Kimaasai wa Kajiado, akaonyesha kwamba mabadiliko haya yaliwapunguzia kuliko wanaume. Ng'ombe wa maziwa walikuwa na sehemu ya mama. Hati haikuwa na sehemu yake. Palikuwa na wanawake waliopata habari ya kuuzwa kwa shamba siku walipoona wageni wakichimba mashimo ya nguzo. Sheria imejaribu kurekebisha: Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi, sheria ya ardhi ya 2012 yataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba au shamba la ndoa kuuzwa, na sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 iliifuta ile ya 1968. Kwa Kitengela dawa hiyo ilifika mgonjwa akiwa amekwisha kukatwa mguu.

Si kwamba watu walikaa tu wakitazama. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba kusini ya mbuga ili wasizungushe ua, wasiuze, na wawaachie wanyama njia. Malipo yalikuwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, nayo yalipangwa yatolewe wakati shule zinapofunguliwa. Fedha hizo si nyingi zikilinganishwa na bei ya ploti. Walakini jambo la kuangaliwa ni wakati wa malipo: kwa kuyafungamanisha na karo, mpango ule ulimrudisha mama na mtoto katika hesabu ambayo karani wa daftari la wanachama alikuwa amewaacha.

Na ule mji wenyewe, je, ni jamii? Wako wanaosema kwamba Kitengela ni mahali pa kulala tu, watu wasiojuana waliokodi vyumba. Siafiki. Nimeona wapangaji wa ploti moja, Mkamba, Mluo, Mgikuyu na Msomali, wakichanga fedha kumsafirisha maiti wa jirani mpaka kwao magharibi ya nchi. Nimeona vyama vya akina mama vya kuweka akiba, ambamo kutoa kwa zamu hufanya kazi ileile iliyofanywa na mtamba wa zamani. Ndivyo alivyotuambia Durkheim, kwamba watu wasiofanana hufungwa na kule kuhitajiana kwao. Ila fundo hilo ni jipya, na mvutano wowote wa siasa waweza kulijaribu. Na Mmaasai aliyezungukwa na wapangaji hana hakika bado kama yeye ni mwenyeji wao au jirani yao.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi. Niliwaambia kila mmoja achore nyumbani kwao, aandike majina ya uhusiano wa wote walalao ndani ya ua, na pembeni aandike ardhi ni ya nani. Wa mjini walimaliza upesi: baba, mama, shangazi, mpangaji, mwenye nyumba. Mmoja, atokaye upande wa Isinya, alichelewa. Alikuwa amechora boma la babu yake, na nje yake uwanda mtupu ambao babu aliuuza zamani kwa mtu wa Nairobi. Mnunuzi hajajenga, wala hajafika tena, na ng'ombe wa boma bado walisha pale.

Alinijia na karatasi yake, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mwenye shamba nimwandikeje?"

Nikamwuliza babu yake humwita nani.

"Babu humwita Paashe," akajibu. "Siku ya kutia sahihi alimpa mtamba. Mtamba mwenyewe hakuchukuliwa. Yuko kwetu, amekwisha kuzaa mara tatu."

Nilimwambia aandike yote mawili, mwenye shamba na Paashe, na awahesabu na wale ndama.